Mstari Mzima, Mstari wa Vipande: Mwambao wa Mombasa katika Ramani za Mtandaoni

Ramani ni matini, na katika suala la mipaka msamiati wake ni mfinyu: mstari mzima huashiria mpaka usiopingwa, mstari wa vipande huashiria mpaka wenye mgogoro. Ndivyo Google Maps inavyoichora Pembetatu ya Ilemi, kaskazini mwa Turkana. Isitoshe, mpaka mmoja huweza kuchorwa kwa namna tofauti kulingana na nchi aliko msomaji. OpenStreetMap kwa upande wake hushikilia kanuni ya kuchora mamlaka yaliyopo ardhini, si madai.

Je, Mombasa husomekaje kwa sarufi hii? Anayeukuza Mji wa Kale kwenye kioo cha simu ataiona Ngome ya Yesu na barabara ya Ndia Kuu; mpaka hatauona. Hata hivyo, mpaka ulikuwapo. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Mwaka 1895 Uingereza ikaanza kuutawala sehemu ya Kenya kwa niaba yake, ikimlipa kila mwaka. Mwaka 1920 bara ikawa Koloni, ukanda ukabaki Himaya, na bendera nyekundu ya Sultani ikazidi kupepea juu ya Ngome. Mwaka 1961 James Robertson alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, pendekezo lililopingwa vikali na wapigania Mwambao. (Neno hili, ambalo kamusi hulifasiri kuwa ni pwani tu, lilikuwa wakati huo jina la dai la kisiasa.) Mapatano ya Oktoba 8, 1963 yakauzima ufalme wa Sultani juu ya ukanda. Katika barua zake kwa Muhammad Shamte, Jomo Kenyatta aliahidi kwamba mahakama za Kadhi zingehifadhiwa.

Dai lenyewe halikuzimika. Kundi la Baraza la Mombasa la Republican, lenye kaulimbiu "Pwani si Kenya", lilipigwa marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Ramani haina alama ya mgogoro huo, kwa kuwa mstari wa vipande hutumika pale madola mawili yanapovutana. Wakazi wanaolalamikia dola lao hawana mstari.

Baharini mambo ni kinyume. Huko madola yapo: Oktoba 12, 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kesi ya Somalia dhidi ya Kenya, nayo Kenya ikaikataa hukumu. Lakini ramani za kawaida za simu aghalabu hazichori mipaka ya bahari, na mashariki ya kisiwa msomaji huachiwa buluu tupu.