Somo la 31: Knute Rockne, mwalimu wa mpira

Knute Rockne alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Voss, nchi ya Norwe. Alipokuwa na miaka 5 jamaa yake walihamia Marekani, wakakaa Chicago.

Knute alitamani sana masomo, lakini fedha hakuwa nayo. Basi akafanya kazi posta miaka kadhaa, akaweka akiba kidogo kidogo. Mwaka 1910 akaingia chuo cha Notre Dame, chuo cha mapadri wa Msalaba Mtakatifu. Umri wake ulikuwa miaka 22, na wenzake wengi walikuwa wadogo kwake. Yeye hakuona haya. Alisoma kemia kwa bidii, na saa ya mchezo alicheza mpira.

Mpira huo wa Kimarekani una umbo kama yai. Mchezaji huukumbatia na kukimbia nao, na wapinzani humkamata na kumwangusha. Kwa hiyo watu walidhani kwamba wenye miili mikubwa ndio washindi. Knute alikuwa mfupi. Lakini tangu mwaka 1906 sheria iliruhusu kuurusha mpira mbele. Timu nyingi hazikujali sana jambo hilo.

Katika likizo ya mwaka 1913, Knute na rafiki yake Gus Dorais walifanya kazi Cedar Point, kando ya ziwa Erie. Kazi ikiisha, walikwenda mchangani. Dorais alirusha, Knute alikimbia na kudaka. Wakarudia, wakarudia tena.

Tarehe 1 Novemba 1913 Notre Dame walicheza na timu ya shule ya maofisa wa jeshi, huko West Point. Maofisa walikuwa na nguvu nyingi. Lakini mpira ulipita juu ya vichwa vyao, ukafika mikononi mwa Knute. Notre Dame wakashinda, 35 kwa 13.

Baada ya masomo Knute alibaki chuoni akifundisha. Toka mwaka 1918 mpaka 1930 alikuwa mkuu wa waalimu wa mpira. Timu yake ilishinda mara 105, ikashindwa mara 12 tu, ikatoka sare mara 5. Tarehe 31 Machi 1931 ndege aliyosafiria ilianguka Kansas, naye akafa.

Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali
1. Knute alipataje fedha ya masomo?
2. Mfupi aliwashindaje wenye nguvu?
3. Wewe wajizoeza kazi gani kila siku?