MIZANI MOJA KWA BWANA NA KWA BIBI
Somo juu ya filme «The Divorcee» (1930)



Leo tunajifunza juu ya filme moja ya Marekani, The Divorcee, maana yake mwanamuke aliyeachana na bwana. Ilitoka mwaka 1930, wakati filme za kusema zilikuwa bado mupya: The Jazz Singer, iliyofungua njia, ilitoka mwaka 1927. Norma Shearer, aliyecheza kama bibi, alipata zawadi ya Oscar.

1. Habari yenyewe
Jerry na Ted wana miaka mitatu ya ndoa. Siku ile ya ukumbusho, Jerry anavumbua kwamba bwana wake alilala na mwanamuke mwingine. Ted anajitetea: eti ni kitu bure tu. Kisha anasafiri kwa kazi. Jerry naye, kwa uchungu, analala na rafiki ya Ted. Ted anaporudi, bibi anamuambia wazi kwamba sasa hawana deni. Kumbe! Kile Ted alichoita kitu bure kwake, kwa bibi kimekuwa kosa lisilosameheka. Ndoa inavunjika.

2. Ndoa ingine isiyo na furaha
Paul alikuwa anamupenda Jerry. Siku moja aliendesha motokari akiwa amelewa, na uso wa musichana Dorothy ukaharibika. Alimuoa sababu zamiri ilimusumbua, si kwa upendo. Baadaye anataka kumuacha ili amuoe Jerry. Lakini Dorothy anamulilia Jerry, na Jerry anakataa kujenga nyumba juu ya machozi ya mwenzake. Anamutafuta Ted, wanapatana Paris usiku wa Mwaka Mupya.

3. Mafundisho
Tusiseme filme hii inasifu uzinzi. Kulipiza hakukumupa Jerry furaha hata kidogo. Lakini inatuuliza: mbona mizani ni mbili? Katika Yohana 8 walileta mwanamuke peke yake. Mwanaume alikuwa wapi? Na katika mashule mengi, musichana akipata mimba anafukuzwa. Kijana anabaki darasani, tena wenzake wanamusifu. Sisi vijana tusingoje siku ya ndoa ndipo tujifunze haki.

Maswali ya kuzungumza:
a) Ted alipaswa kufanya nini siku ile kosa lake lilipojulikana?
b) Katika shule yetu, tunapima wavulana na wasichana kwa mizani moja?