Staa wa Hollywood kwenye kopo la kahawa, na wewe unayeuza korosho Visiga

Wauzaji wenzangu, leo twende Japani kidogo, halafu tutarudi zetu Morogoro Road.

Kule kuna kahawa ya kopo inaitwa BOSS, ya kampuni ya Suntory. Tangu 2006 anayecheza matangazo yake ni Tommy Lee Jones, mzee wa Hollywood mwenye tuzo ya Oscar. Ungetegemea avae suti, ashike kopo, atabasamu. Wapi! Kapewa nafasi ya kiumbe wa sayari nyingine aliyetumwa kuwachunguza binadamu. Ili awajue anafanya kazi zao: mara dereva teksi, mara mbeba mizigo, mara yuko saiti ya ujenzi. Hacheki. Anashangaa tu watu wanavyohangaika, kisha anakunywa kahawa yake. (Na ni huyu huyu aliyekuwa anawakamata viumbe wa namna hiyo kwenye Men in Black. Wajapani wana utani!)

Sasa jiulize, kahawa ya kopo ananunua nani? Ni mtu aliye kazini, anayetaka kitu cha kumwamsha haraka. Kwa hiyo yule staa hakuletwa ili mteja amtamani. Aliletwa aishi siku ya mteja.

Utasema, sawa, lakini yule ana jina. Haya, mchukue Michael Power wa Guinness, aliyeanza kuonekana 1999 kwenye nchi kadhaa za Afrika. Mwigizaji wake, Cleveland Mitchell, alitoka Uingereza na ana asili ya Jamaika. Huku nani alikuwa anamjua? Lakini kila tangazo alikuwa shujaa yule yule anayejinasua kwenye hatari kwa akili, hadi 2003 wakamtengenezea filamu nzima, Critical Assignment. Kilichouza ni nafasi aliyopewa, tena ikarudiwa bila kuchoka. Hata jirani yetu Kili Paul wa Chalinze, aliyetunukiwa na Ubalozi wa India 2022, watu walimshika kwa vazi lile lile la Kimaasai na nyimbo zile zile za Kihindi.

Turudi kwako. Una laki moja ya promo na unauza korosho za kukaanga. Ukimpa mwenye wafuasi wengi, atasoma bei yako leo, kesho atasoma ya mwenzako. Mimi ningeanza na swali la mteja wa mtandaoni: anaogopa nini? Anaogopa kupunjwa. Ameandikiwa nusu kilo, inakuja pakiti nyepesi.

Basi mchukue bodaboda anayekupelekea mizigo Mlandizi na Maili Moja. Mpe cheo: Mkaguzi Mkuu wa Korosho. Kila video anafika mlangoni kwa mteja, uso mkavu kama wa yule mzee wa BOSS, anatoa mzani mdogo, anapima pakiti, anasoma gramu kwa sauti, ndipo anakabidhi. Sekunde 20 zinatosha. Watu watacheka, na huku wameuona uzito. Ila pakiti iwe kamili kweli, maana mzani huo huo utakuumbua.

Mkubaliane malipo kabla, na muandikishane. Mteja naye aombwe ruhusa kabla hujamrusha. Akikataa, piga picha mikono na mzani tu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa majirani, mwaka huo huo, kiwanja kimoja cha starehe Nairobi kilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Na ile tabia ya kukata picha ya Diamond na kuibandika kwenye bango la ubuyu wako, achana nayo kabisa.

Rekodi video nne kwa siku moja ya usambazaji, uziachie moja kila Ijumaa. Kofia ya mkaguzi isibadilike.