Sikio la Mtoto na Hoja ya Kubadili Umbo

Tumeulizwa katika darasa letu hapa Mumbuni: mtoto aliyezaliwa na sikio lililokunjika au lililochomoza, je, yafaa wazazi wake wampeleke kwa tabibu likatengenezwe? Wako wasemao kuwa huko ni kubadili umbo la Mwenyezi Mungu, na hoja yao ni Sura An-Nisaa, aya ya 119.

Aya ni ya haki, ila imewekwa pasipo pake. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud waliokemewa ni wenye kujichanja na wenye kutia mianya katika meno kwa ajili ya uzuri. Sisi wa Machakos mfano tunao karibu: wazee wa Kikamba wa zamani walichongwa meno mazima ili yapendeze. Kuchonga jino zima ni jambo moja; kulirudisha sikio lenye ila katika umbo la kawaida ni jambo jingine. Arfaja bin As'ad alipokatwa pua vitani alitia ya fedha, ikanuka, na Mtume (Rehema na Amani zimshukie) akamwamuru atie ya dhahabu, nayo dhahabu ni haramu kwa wanaume! Mtu akisema kuwa huyo alijeruhiwa, hakuzaliwa hivyo, basi maulamaa wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu walikutana Malaysia mwaka 2007 wakaruhusu kutengeneza ila za kuzaliwa, wakakataza upasuaji wa kufuata matamanio tu.

Litusikitishalo zaidi ni wakati unaopotea kwa mabishano haya. Sikio la mtoto mchanga ni laini, kwa kuwa homoni za mama zingali katika damu yake. Tabibu akilishikiza kwa kifaa chake ndani ya wiki 3 za mwanzo, mara nyingi hukaa sawa baada ya wiki chache, pasipo kisu. Baadaye gegedu hukakamaa. Hapo hungojwa mtoto afike kama miaka 5 au 6, sikio likaribie ukubwa wa mtu mzima. Ndipo hutiwa dawa ya usingizi, ngozi ikapasuliwa nyuma ya sikio, na gegedu likakunjwa na kushonwa. Kwa hiyo neno "haramu" lililotamkwa bila uchunguzi humfikisha mtoto kwenye kisu ambacho huenda hakikuhitajika.

Wala ujuzi huu si mgeni kwetu. Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walioasisi Madaktari wa Angani mwaka 1957, shirika liitwalo leo Amref, wote watatu walikuwa wapasuaji wa kutengeneza viungo.

Sikio lililochomoza kidogo, na mwenyewe hasumbuki, liachwe. Lakini kebehi za shuleni ni dhara, nasi hatulihesabu kuwa dogo. Mzazi asilifunge sikio kwa kitambaa au plasta zake mwenyewe, maana ngozi ya mchanga huchubuka upesi. Na sikio likiwa dogo mno, au tundu lake limeziba, kwanza upimwe usikivu wa mtoto.

Siku ya saba, mtoto anaponyolewa nywele kwa akika, masikio yote mawili huonekana wazi. Walioko hapo wayatazame, kwani siku hiyo muda wa kwenda kwa tabibu ungalipo.