Lipedema: Maswali na Majibu ya Marudio kwa Wanafunzi wa Uuguzi na Fiziotherapia

Majibu hayalingani kwa urefu. Nimeyarefusha yale ambayo watahiniwa wengi huyaandika nusunusu.

Swali la 1. Lipedema ni nini? (alama 3)

Ni ugonjwa sugu wa tishu ya mafuta iliyo chini ya ngozi. Mafuta hujikusanya kwa ulinganifu kwenye nyonga, mapaja na miguu, mara nyingine na mikononi, na tishu hiyo huuma. Karibu wagonjwa wote ni wanawake, na mara nyingi dalili huanza au huzidi homoni zinapobadilika: msichana anapovunja ungo, wakati wa ujauzito, au hedhi inapokoma. Edgar Allen na Edgar Hines wa Mayo Clinic, Marekani, ndio walioueleza kitabibu mwaka 1940. Ukiandika “unene wa miguu” ukaishia hapo, alama ya maumivu imekupotea. Mwongozo wa Ujerumani wa mwaka 2024 unataka maumivu au usumbufu uwepo ndipo jina la lipedema litumike.

Swali la 2. Mama wa miaka 38 kutoka Pangani amefika kliniki na miguu minene inayouma. Jirani zake wanasema ni matende. Utatofautishaje? (alama 10)

Tazama kabla ya kushika. Katika lipedema miguu yote miwili hulingana na nyayo hubaki za kawaida. Mafuta hukoma ghafla juu ya kifundo, utadhani amevaa mtali. Matende mara nyingi huzidi upande mmoja, na uvimbe hushuka mpaka mgongo wa unyayo na vidole.

Kisha fanya kipimo cha Stemmer: jaribu kufinya na kuinua ngozi iliyo juu ya shina la kidole cha pili cha mguu. Ikiinuka, kipimo ni hasi, na hilo linaunga mkono lipedema. Isipoinuka, fikiria limfedema, na kwa mtu wa Tanga, Lindi, Mtwara, Kwale au Kilifi, matende ndiyo ya kuulizia kwanza. Bonyeza paja taratibu: mwenye lipedema huumia kwa mguso ambao wewe unauona mdogo. Muulize kama ngozi yake huvilia damu bila kukumbuka alipojigonga. Muulize pia kama hupatwa na vipindi vya homa, mitoki na mguu kuwaka moto. Hivyo ni vya matende.

Mtego mkubwa wa swali hili ni kipimo cha damu. Vijidudu vya Wuchereria bancrofti huonekana kwenye damu usiku, ndiyo maana sampuli huchukuliwa kati ya saa nne na saa nane za usiku. Hata hivyo mgonjwa wa matende ya miaka mingi anaweza kupimwa na kisionekane kitu. Kwa hiyo majibu safi ya maabara peke yake hayathibitishi lipedema. Wala kumeza ivermektini na albendazoli za kampeni ya matende na mabusha hakutaondoa lipedema, ingawa ni vizuri azimeze kama wenzake.

Ukitaka alama ya ziada, taja mambo mawili. Lipedema iliyokaa muda mrefu inaweza kuzidiwa na maji ya limfu. Hapo nyayo huvimba na Stemmer huwa chanya. Na mgonjwa aliyekulia nyanda za udongo mwekundu wa volkano, kama kaskazini mwa Rwanda, akitembea pekupeku, achunguzwe pia podokoniosisi.

Swali la 3. Kwa nini asipewe dawa za kutoa maji? (alama 3)

Kwa sababu kinachojaza mguu ni tishu ya mafuta, si maji ya ziada mwilini. Furosemidi itampeleka msalani mara kwa mara, itampunguzia potasiamu, na miguu itabaki vilevile. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo, hilo ni suala jingine na lina daktari wake.

Swali la 4. Eleza matumizi ya soksi za kubana na jinsi ya kumsaidia mgonjwa azivumilie. (alama 8)

Kwanza lengo. Soksi hizi haziyeyushi mafuta. Hupunguza maumivu na uzito wa miguu, na hushikilia tishu isitikisike mtu anapotembea. Mgonjwa aliyeahidiwa mguu mwembamba atazitupa kabla ya mwezi kwisha, na kosa litakuwa la aliyemwahidi.

Kabla ya kumvika, hakikisha damu ya ateri inafika mguuni. Gusa mapigo ya mguu, na inapowezekana linganisha presha ya kifundo na ya mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.8, usimvike bila ushauri wa mtaalamu. Ukiwa chini ya 0.5, ni marufuku.

Daraja la pili katika vipimo vya Kijerumani lina mgandamizo wa milimita 23 hadi 32 za zebaki kwenye kifundo. Asiyelivumilia aanze na daraja la kwanza, kwani soksi hafifu inayovaliwa inamfaa kuliko kali iliyobaki kabatini. Kwa miguu yenye mikunjo, zile zilizofumwa bapa kwa vipimo vya mwenyewe hazizami kwenye mkunjo. Ukingo wa juu ukijiviringisha unageuka kamba, basi saizi si yake.

Zivaliwe asubuhi, ngozi ikiwa kavu, kwa glavu za mpira za kuoshea vyombo ili zishike kitambaa. Vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi za baridi na havisemi chochote juu ya Machi ya Dar es Salaam. Mwambie anyunyizie maji juu ya soksi akiwa ameivaa, avae dera jepesi la pamba juu yake, na kazi za kusimama azimalize kabla ya jua kali. Usiku avue.

Swali la 5. Kwa nini mazoezi ya majini husifiwa? (alama 4)

Maji hubeba uzito wa mwili na papo hapo hukandamiza miguu. Kwenye kina cha mita moja mgandamizo wake ni kama milimita 74 za zebaki, zaidi ya soksi yoyote iliyotajwa hapo juu, na unazidi kadiri unavyoshuka kuelekea vifundo. Kwa mama wa Pangani, kutembea baharini maji yakiwa kifuani, mahali patulivu na akiwa na mwenzake, ni tiba isiyo na bei. Avae nguo ya stara isiyoburuta. Mwenye kidonda asubiri kipone. Asiyepata maji atembee au aendeshe baiskeli; kipimo ni maumivu yasizidi siku ya pili.

Swali la 6. Chakula kina nafasi gani? (alama 4)

Hakuna mlo unaoponya lipedema. Mgonjwa anaweza kula kidogo, uso na kifua vikakonda, na mapaja yakabaki karibu vilevile. Kumwambia “punguza kula” bila kumpima ni uvivu wa kitaaluma. Unene wa kawaida, kama naye anao, huongeza uzito juu ya magoti na kuelemea limfu, kwa hiyo ushughulikiwe. BMI humdanganya mtu mwenye miguu ya namna hii. Pima kiuno: kiwe chini ya nusu ya urefu wake, yaani mwenye sentimita 160 awe chini ya 80.

Swali la 7. Ngozi? (alama 2)

Aoshe, akaushe mikunjo na katikati ya vidole, atibu fangasi mapema. Mapaja yanayosuguana yapakwe mafuta ya mgando, au avae taiti ndefu ya pamba chini ya gauni.

Swali la 8. Katika mtihani wa vitendo, utafunguaje mazungumzo? (alama 3)

“Shikamoo mama. Miguu inakusumbua zaidi saa ngapi? Kuna kazi gani umeiacha kwa sababu yake?” Jibu la swali hilo la mwisho liandike kwenye faili neno kwa neno. Akirudi, uliza kama amewahi kuirudia kazi ile, na kiwango cha maumivu kati ya 0 na 10. Mizani ije baadaye.

Swali la 9. Upasuaji? (alama 2)

Kufyonza mafuta hupunguza maumivu kwa wagonjwa wengi. Ujerumani ilianza kuugharimia kupitia bima ya umma mwaka 2020, kwanza kwa hatua ya tatu ya ugonjwa. Ni upasuaji wa ganzi na damu, si urembo wa saluni.

Swali la 10. Lini umpeleke hospitali siku hiyohiyo? (alama 2)

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, kwani huenda ni damu iliyoganda kwenye vena, hasa akiwa mjamzito au ametoka safari ndefu ya basi. Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto pamoja na homa. Akikosa pumzi, usisubiri hata kuandika rufaa.