Taa gani kwa miche ya ndani?

Swali: Naishi Minneapolis. Mapema Machi nimeotesha nyanya na pilipili dirishani, lakini miche inarefuka, ni myembamba na inalala. Dukani wananiambia ninunue taa ya zambarau. Ni kweli?

Jibu: Pole sana. Miche hiyo ina njaa ya mwanga, na dirisha la huko msimu huu haliishibishi.

Taa ya zambarau si lazima. Ni kweli jani hutumia sana mwanga mwekundu na wa buluu, lakini LED nyeupe inayo yote mawili, tena chini yake utaona mapema jani linapogeuka manjano au likivamiwa na wadudu. Chagua yenye Kelvini 5,000 hadi 6,500. Buluu yake hufanya shina liwe fupi na nene. Usivutwe na maandishi ya “sawa na wati 1,000”. Soma wati inazokula kweli: kwa trei moja, 20 hadi 40 zatosha.

Ining'inize sentimita 15 hadi 30 juu ya vilele, uipandishe kadiri miche inavyokua. Wengi huiweka juu mno, na hapo hata taa ya bei ghali haisaidii kitu. Iwashe saa 14 hadi 16 kwa siku, kwa swichi ya taima. Usiku izime: nyanya zikikosa giza kabisa, majani huugua manjano.

Nyanya zilizorefuka zihamishe, ukifukia shina hadi karibu na majani ya kwanza, litatoa mizizi. Pilipili hazifanyi hivyo vizuri, kwa hiyo otesha nyingine wiki hii.