Kabla Hujalipia Shahada ya Mtandaoni

Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jirani na Katoro, mkoani Geita, nina stashahada. Darasa langu lina watoto zaidi ya mia, na kati yao yupo binti mmoja kiziwi. Anakaa nyuma, anatazama midomo yetu ikicheza, kisha ananakili ubaoni asichokielewa. Kwa ajili yake nilitamani kusomea shahada ya elimu maalumu, lakini siwezi kuacha kazi na watoto wangu wawili wadogo nikaishi Dodoma au Dar es Salaam. Kijana mmoja akaniunganisha na kundi la WhatsApp la chuo cha Marekani kinachofundisha kwa njia ya mtandao. Wanasema shahada ni miezi 12, hakuna mitihani wala mazoezi ya kufundisha kwa kuwa mimi tayari ni mwalimu. Wametutumia cheti kinachoonesha kuwa chuo kina ithibati ya kimataifa. Nimeshatuma laki tatu za fomu, mume wangu hajui. Sasa wanataka milioni moja na nusu kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inapotea. Nifanyeje?

Mwalimu, Katoro

Mwanangu,

Hiyo milioni moja na nusu usiitume. Nalitanguliza hilo kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali, na mengine yote tunaweza kuyazungumza taratibu. Nafasi ya kusoma haipotei kwa namna wanavyokutisha. Chuo chenye kibali hudahili kila mwaka, kwa tarehe zinazotangazwa hadharani.

Hukunitajia jina la chuo, na hata ungelitaja, swali langu la kwanza lingekuwa lilelile: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, inakitambua? Hakuna ofisi moja ya dunia nzima inayotoa ithibati kwa vyuo vyote. Kila nchi ina utaratibu wake wa kuvikagua vyuo vyake, na cheti cha ithibati kina thamani pale tu chombo kilichokitoa kinapotambuliwa chenyewe. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa imetengeneza mamia ya tovuti za shule na vyuo vyenye majina ya Kimarekani. Maprofesa kwenye video zao walikuwa waigizaji wa kulipwa. Na kilichonishtua zaidi, kampuni hiyohiyo ilibuni pia vyombo bandia vya ithibati, ili mteja mwenye shaka akiuliza apate jibu la kumtuliza. Huko kwenu broka hanunui dhahabu kwa kuitazama rangi, anaipima kwanza, na mizani ni yake, si ya muuzaji. Cheti ulichotumiwa kimetoka kwa muuzaji.

Sasa pima. Kwenye tovuti ya TCU ipo orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, na upo mwongozo wa udahili wa kila mwaka unaotaja programu mojamoja pamoja na sifa za kujiunga. Angalia vyote viwili, kwa maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayoitaka ikawa haina kibali. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine 22 ikazuia kozi 75. Kwa chuo cha nje, TCU ndiyo inayotathmini tuzo na kuamua kama inalingana na ya hapa. Waandikie kabla hujalipa, taja jina la chuo, nchi, kozi na kwamba unasoma kwa mtandao, kisha subiri jibu la maandishi. Ukivutiwa na chuo cha Kenya au Uganda, anza na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya au Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, halafu urudi TCU.

Usije ukadhani naukataa mtandao. Vipo vyuo halali duniani vinavyofundisha hivyo, na kwa mama aliye kazini ni neema. Ninachokiogopea ni utumishi wako. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wewe hujaghushi kitu na sikufananishi nao. Lakini siku utakapopeleka shahada yako ili ubadilishiwe muundo wa utumishi, itakaguliwa, na chuo kisipotambuliwa utakuwa umelipa karibu milioni mbili ubaki na stashahada yako ileile.

Tuseme hata TCU wangekikubali. Bado ningekuambia ukikatae kwa ile sentensi waliyoifanya kivutio, kwamba hakuna mazoezi ya kufundisha. Elimu maalumu ni kazi ya mikono na macho. Lugha ya alama hujifunzi kwa kusoma kitini. Unahitaji kiziwi mbele yako akusahihishe mkono ulivyokaa na uso wako unavyosema. Nukta nundu utaijua kwa kuiandika na kuisoma, ukikosea na kurudia. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anahitaji mwalimu anayejua kuligawa jambo dogo, kama kufunga vifungo vya shati, katika hatua ndogo zaidi, na anayejua lini asubiri na lini asaidie. Hayo hukomaa pale mkufunzi anapokaa nyuma ya darasa lako, anakutazama, kisha anakuambia ulipokosea.

Nikupe mfano wa jirani. Shule ya Msingi Buhangija, hapo Shinyanga mjini, ina watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino, na hawa wa mwisho wengi walipelekwa hapo kwa usalama wao baada ya mauaji na mashambulizi yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, si kipofu. Akikalishwa karibu na ubao, mahali ambapo jua halimchomi machoni, akapewa maandishi makubwa, anasoma kama wenzake. Mwalimu asiyejua atamwacha mbali na ubao, amhesabu kuwa mzito wa kuelewa, na mtoto atamaliza shule ya msingi akiamini hivyo. Omba ruhusa, nenda Buhangija siku ya shule, keti darasani na walimu wa pale. Siku moja hiyo itakusaidia kuchagua utaalamu wako, maana kufundisha viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa akili ni fani tofauti, na unapaswa kujua unaiendea ipi.

Njia ninayoiona inakufaa ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi kwa watu wa hali yako, walio kazini na mbali na miji ya vyuo. Kina shahada ya ualimu wa elimu maalumu. Unajisomea kwa masafa na kwa mtandao, mitihani unaifanyia kwenye kituo cha mkoa, nao wana vituo Geita na Shinyanga. Haitakuwa miezi 12. Hesabu miaka mitatu, pengine zaidi ukienda kwa mwendo wa mfuko wako na wa watoto. Tazama katika mwongozo wa TCU kama wastani wa stashahada yako unatosha, kisha panda gari uende kituoni Geita. Uliza: Kozi hii ipo mwaka huu? Mazoezi ya kufundisha nitayafanyia shule gani, na nani atanisimamia? Lugha ya alama nitafundishwa ana kwa ana wapi? Ada yote mpaka kuhitimu ni kiasi gani, mbali na bando, nauli na kompyuta? Mtu mwenye kitu halali hatakasirika kuulizwa. Na ikitokea baadaye kwamba unaweza kuondoka nyumbani, Tabora pana chuo cha AMUCTA, na kwa stashahada ya fani hii walimu wengi wamepitia Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha.

Yule binti hawezi kusubiri miaka mitatu. Mlete mbele, mahali ambapo mwanga unaangukia uso wako. Usiseme huku umeupa ubao mgongo. Maelekezo yaandike kwa maneno machache au yachore, na mkalishe na mwenzake mmoja mpole wa kumwonesha ukurasa. Waite wazazi, uwaombe wampeleke hospitali akapimwe masikio. Wapo watoto wanaopoteza usikivu kwa usaha wa sikio usiotibiwa, na hao husaidika wakiwahiwa. Kisha muone Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yako umuulize ni shule ipi ya karibu yenye kitengo cha viziwi. Kiziwi mtu mzima hapo Katoro, fundi au mfanyabiashara, anaweza kuwa mwalimu wako wa kwanza wa alama. Mlipe kwa saa zake.

Nikiwa bado kwenye ulemavu wa watoto, kuna jambo la ukanda wenu linaloniumiza. Wachimbaji wadogo wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma, wengine hukohuko jikoni. Mvuke wake unadhuru ubongo wa mtoto akiwa bado tumboni. Mwalimu wa elimu maalumu Geita atakutana na akina mama wenye maswali mazito, na anapaswa kuwa na maneno ya kweli ya kuwaambia, bila kuwatwisha lawama.

Kuhusu laki tatu, mwambie mume wako leo. Mweleze ulichokitaka na kwa nini, kisha mwoneshe mahesabu ya njia hii nyingine, maana kwa miaka mitatu utahitaji mtu wa kubaki na watoto siku za mitihani. Ujumbe wa kundi na risiti za muamala usivifute. Waandikie wenye kundi ukidai fedha yako. TCU wakisema chuo hakitambuliki, peleka ushahidi huo polisi, na waonye walimu wenzako walio katika kundi hilo kabla na wao hawajatuma.

Ukishapata barua ya udahili, andika kuomba ruhusa ya masomo kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ipite kwa Mwalimu Mkuu wako, ukiambatisha ratiba ya mitihani na ya mazoezi ya kufundisha. Iandike hata kama hutaondoka kazini kwako hata siku moja, kwa kuwa ndiyo itakayoulizwa ukipeleka shahada kubadilishiwa muundo. Hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa.